Kihariri Kinachosema

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo na wazimu umeanza nayo. Bosi alitukusanya saa tatu asubuhi, mabati yanapigwa mpaka ikabidi apige kelele kama mtu wa mnada: kufikia mwisho wa Mei ofisi nzima itumie kihariri kimoja. Kihariri ni ile programu tunayoandikia msimbo wa tovuti kutwa kucha, kama seremala na meza yake. Sasa waambie maseremala watatu watumie meza moja uone.

Sababu yake ni Alhamisi. Hapa kila Alhamisi tunahama viti. Unakaa kwenye mashine ya mwenzako, unakagua kazi yake ya wiki, unasahihisha hapohapo. Bosi aliianzisha desturi hiyo mwenyewe na imetuokoa na aibu nyingi. Ila kila mtu ana chombo chake, kwa hiyo nusu ya Alhamisi inaishia kutafuta vitufe.

Basi kuna majaribio. Machi ni zamu ya Kizee, cheusi kama chungu, hakina menyu wala picha, vidole tu. Mimi nimekitumia miaka kumi na saba. Aprili ni Kipepeo, chepesi, Bosi anakipenda kwa sababu hakichoshi kompyuta zetu mbovu. Mei ni Jumba, kubwa, vyumba huku na huku, kipenzi cha Kasuku. Kisha kura. Wapiga kura ni sisi watatu: mimi, Kasuku na Shemeji. Shemeji naye ni mtu wa Kizee tangu zamani. Kura tatu, mbili zetu. Sijui tunajaribu nini.

Tumeamriwa pia kuandika kila siku tunachokiona. Taarifa ya Bosi nimeiweka kwenye faili yake. Hii ni faili nyingine.

Jumanne, 4 Machi

Paa linavuja juu ya printa. Shemeji ameweka ndoo bila kusema neno. Huyu aliwahi kumchumbia dada yake Bosi, uchumba ukavunjika, jina likabaki. Nadhani maneno yake yote aliyamaliza wakati ule.

Alhamisi, 6 Machi

Nimehamia kwa Kasuku. Hajalihama Jumba lake hata baada ya kuamriwa. Dirisha la faili kushoto, la makosa chini, la sijui nini kulia, na katikati msimbo wenyewe umebanwa kama mgeni asiyetakiwa. Kishale kinachoonyesha unapoandika sikukiona. Nilikitafuta mpaka nikaona aibu.

"Kiko kulia juu, Dada," Kasuku akasema.

"Najua kilipo. Nashangaa tu mtu mzima anafanyaje kazi ndani ya soko."

Wote wakacheka, hata Bosi. Nikaongeza kwamba Jumba ni kihariri cha watalii. Wakacheka tena. Ulimi wangu haujawahi kuniangusha.

Jumatano, 12 Machi

Nimejigonga bega la kushoto kwenye fremu ya mlango wa jikoni. Mama alikuwa kwenye kiti chake, anakunja nguo.

"Hiyo ya tatu wiki hii," akasema.

"Mlango wenyewe mwembamba."

"Mlango ni uleule. Mimi nina miaka kumi na tisa sijauona na sijawahi kuugonga."

Akamaliza kukunja shuka, ncha kwa ncha, imenyooka kuliko ninavyokunja mimi.

"Kushoto tu, au na kulia?"

"Kushoto tu, Mama."

"Na mimi nilianzia kushoto," akasema, akachukua foronya.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeomba ruhusa, nimesema ni jino.

Unaweka kidevu kwenye mashine, unatazama katikati, unapewa kitufe. Kila ukiona nukta ya mwanga, bonyeza. Nikabonyeza na kubonyeza, nikajiona hodari. Kumbe nukta nyingine nyingi ziliwaka na kuzimika, mimi nimekaa tu nasubiri. Daktari wa macho aliniwekea karatasi mezani: maduara mawili, kingo zake zimepakwa weusi. La kushoto limebakiwa na kitundu cha kuchungulia.

"Ni presha ya macho," akasema. "Nani mwingine nyumbani?"

"Mama."

"Kilichokwenda hakirudi. Tutalinda kilichobaki."

"Kitabaki mpaka lini?"

"Ukitumia matone vizuri, labda miaka. Labda pia isiwe miaka. Unafanya kazi gani?"

"Naandika tovuti."

Akaandika kitu, hakuniangalia. Ningependa angalau angenidanganya kidogo.

Nimemwambia Mama ni miwani tu inahitajika. Akasema, "Haya." Naijua hiyo haya yake. Nimeogopa sana leo. Nina miaka arobaini na mitatu na hakuna kitu kingine ninachojua kufanya. Sijui kupika vizuri, sijui kuuza, watu wananichosha. Najua kuandika msimbo tu. Wakininyang'anya huo sina cha kuamkia.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Matone asubuhi, matone jioni. Yanachoma.

Alhamisi, 27 Machi

Kwa Shemeji. Kizee changu, giza langu, vidole vinajiendea. Nimefanya kazi saa tatu nzima bila kukosea. Huyu daktari naye asinitishe.

Jumatano, 2 Aprili

Kipepeo. Kinafunguka kabla hujakiita. Nimemwandikia Bosi sifa nusu ukurasa.

Mawingu yamekuwa mazito mpaka saa sita mchana ni kama magharibi. Gizani macho yangu ni mabovu zaidi. Leo nilimwaga chai ya Bosi, kikombe kilikuwa kushoto.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimejaribu jambo. Wenzangu walipokwenda kula, nikavaa hedifoni nikawasha ile programu inayosomea wasioona kilicho kwenye kioo. Nimejiambia ni udadisi tu.

Kwenye Kipepeo, kimya. Msimbo umejaa kioo kizima, lakini kwa yule msomaji ni picha ya ukutani, hauna neno hata moja. Nikafungua Kizee, mpenzi wangu wa miaka kumi na saba. Kinaropoka. Ukigusa herufi moja kinarudia kioo chote tangu juu, ukisogea kinaanza upya. Dakika kumi nikawa nimetokwa jasho.

Nikafungua Jumba. Sauti ya mtu mwenye haraka ikasema: mstari wa kumi na mbili, makosa mawili, mabano hayajafungwa. Nikashuka mstari, ikausoma. Nikauliza kosa, ikalitaja. Nikafumba macho nikalisahihisha.

Nimelichukia Jumba leo kuliko siku zote.

Jumanne, 8 Aprili

Hesabu ni hii, niiandike niione. Nikipigia Kizee, nina kazi maadamu nina macho. Nikipigia Jumba, naweza kuwa na kazi hata baadaye. Lakini nikiligeukia Jumba watauliza sababu, kwa sababu nimelitukana mbele yao tangu Machi. Na sababu ni moja tu. Nani atampa kipofu funguo za seva, ile kompyuta inayoendesha tovuti za wateja?

Alhamisi, 10 Aprili

Nilipokaa kwa Kasuku nimekuta herufi za kioo chake zimekuzwa, kubwa kama za bango. Damu ikanipanda.

"Nani kakwambia mimi bibi kizee?"

"Hapana, Dada, mimi mwenyewe nimezoea hivi."

"Umezoea tangu asubuhi?"

Akapunguza. Nikafanya kazi asubuhi nzima pua imegusa kioo.

Jumapili, 20 Aprili

Nimemwambia Mama ukweli. Alikuwa anaujua, bila shaka. Nikajitia ushujaa, nikamwambia lakini si ndiyo wanasema heri kufa macho kuliko kufa moyo.

"Aliyesema hivyo alikuwa anaona," Mama akasema. "Angeniuliza mimi ningemwambia vyote vinauma. Wa kazini umewaambia?"

"Bado."

"Mimi nilimficha baba yako mwaka mzima. Nikimwaga maji najisingizia usingizi. Unajua nilipata nini? Mwaka mzima wa kuitwa mzembe."

Alhamisi, 24 Aprili

Ndoo ya printa imejaa mara mbili leo. Sijawaambia.

Jumanne, 6 Mei

Mwezi wa Jumba. Bosi amehamishia kila kitu humo. Kasuku anazunguka meza hadi meza, mdomo haumchoki, anatuwekea mambo. Kubwa lenyewe ni hili: kwa Jumba unaingia moja kwa moja seva ya mteja. Kwa hiyo ameweka ukanda wa rangi chini kabisa ya dirisha, kushoto. Ukiwa kwenye nakala ya mazoezi, kijani. Ukiwa kwenye seva halisi, mwekundu. "Hata mlevi hatakosea," akasema.

Chini, kushoto. Mimi huko sina macho. Nikasema, "Safi sana."

Alhamisi, 8 Mei

Nitaandika yote, hata kama mkono hautaki.

Asubuhi nilikaa kwa Kasuku. Zamu huisha saa sita na nusu, kila mtu anarudi kwake. Wenzangu wakatoka kula. Kasuku akaniuliza kama nakuja, nikamwambia atangulie, namalizia fomu. Ukweli ni kwamba nilitaka kubaki na Jumba peke yangu, na hedifoni. Nimeanza kulizoea. Alisita kidogo mlangoni, akaenda.

Umeme ulikuwa umekatika, mashine ziko kwenye betri, nje ni giza la mvua. Mteja wetu mkubwa ni mwenye zahanati sita. Akina mama wajawazito wanaandikisha miadi kwenye tovuti tuliyowajengea. Nilitaka kuona ukurasa wa miadi unaonekanaje orodha ikiwa tupu. Kwenye nakala ya mazoezi nafanya hivyo mara ishirini kwa siku: unafuta orodha, unatazama, unairudisha. Nikafuta. Jumba likaniuliza, sikioni kabisa, una uhakika? Nikabonyeza ndiyo.

Nikatazama ukurasa mtupu, nikaridhika nao, nikasema orodha nitairudisha baadaye, nikavua hedifoni nikarudi kwenye kiti changu.

Saa nane simu ikalia. Zahanati ya kwanza. Kisha ya pili. Bosi alisimama na simu mbili, moja kila sikio. Miadi ya wanawake mia mbili na kumi na nne haipo. Shemeji alikwishaanza kurudisha nakala ya jana usiku kabla Bosi hajamaliza sentensi. Ikarudi, lakini walioandikisha tangu alfajiri ya leo, wanawake thelathini na saba, hawapo kokote. Mmoja alitembea mvuani na tumbo la miezi minane, akafika dirishani, akaambiwa jina lako halipo, rudi nyumbani.

Kumbukumbu za seva zikasema: mashine ya Kasuku, jina la Kasuku, saa sita na dakika hamsini na mbili. Saa hiyo zamu imeshakwisha, kila mtu yuko kwake.

"Ulikuwa unafanya nini?" Bosi akamuuliza.

Kasuku akanitazama. Mara moja tu. Yule mtu asiyenyamaza hata akitafuna.

"Kama mashine yangu imesema, Bosi, basi ni mimi."

Na mimi nikatazama kibodi yangu. Sikusema kitu. Niandike tena: sikusema kitu.

Ijumaa, 9 Mei

Kasuku amesimamishwa kazi. Bosi ameliondoa Jumba kwenye kura. "Kihariri kinachomwingiza mtu seva kama anaingia chooni sikitaki hapa," alisema. Imebaki Kizee na Kipepeo. Kimoja kinaropoka na kingine bubu.

Kwa hiyo nikinyamaza nina kazi leo na sina kazi baada ya mwaka. Nikisema, sina kazi leo. Nimekaa chooni nusu saa nikicheka peke yangu.

Jumamosi, 10 Mei

Nimekwenda kwa Kasuku. Nilipata anwani kwa Shemeji, hakuuliza sababu. Anaishi chumba kimoja juu ya duka la viatu, na mke wake, na mtoto anayetambaa. Mke akatupisha, akamchukua mtoto nje kwenye varanda, mvua inanyunyiza.

"Kwa nini ulisema ni wewe?"

"Kwa sababu ni mimi pia," akasema. "Asubuhi kabla hujakaa niliingia seva halisi kurekebisha kitu, sikutoka. Nilikuachia ikiwa wazi."

"Ukanda ulikuwa mwekundu."

"Ulikuwa mwekundu. Na mimi nilijua huoni vizuri, Dada. Nimejua tangu Machi. Nilipokuwa mlangoni nilitaka kukuambia, angalia chini, bado uko kwenye halisi."

"Sasa mbona hukuniambia?"

Akakuna shingo. "Siku ile nilikuza herufi nikaona moto. Niliogopa ulimi wako."

Miezi hii yote nilimwona kijana wa kelele tu, kumbe ndiye pekee aliyenitazama. Nimelia mbele yake, naye akawa anasema basi, Dada, basi, kama anambembeleza yule mtoto wake.

Jumatatu, 12 Mei

Niliingia kwa Bosi kabla hajakaa.

"Si Kasuku. Ni mimi. Nilikuwa kwenye kiti chake. Sikuona ukanda. Nina presha ya macho, kingo zote zimekufa, na kushoto karibu kote."

Akaweka mkoba chini polepole. "Tangu lini?"

"Nimepimwa Machi."

"Miezi miwili. Miezi miwili unaingia seva ya wagonjwa na huoni ulipo. Na hukuniambia."

"Niliogopa ungenitoa."

"Ningekutoa kwenye seva! Nisingekutoa ofisini." Akavuta kiti, akakaa. "Ungesema Machi tungepanga. Sasa nitapanga nini? Mteja anataka jina. Nilimpa la Kasuku, leo nimpe lako. Amesema aliyefanya hivyo asiguse kazi yake tena, na hapa karibu kazi zote ni zake. Nikikutetea nitamwambia nini ambacho si uongo?"

"Hakuna."

"Miaka tisa, Dada."

"Najua."

"Basi nisaidie. Usinifanye nikufukuze. Andika barua."

Nimeiandika kwa Kizee. Mistari minne. Nilimwomba jambo moja, kwamba Jumba lirudi kwenye kura, kosa halikuwa lake. Akaitikia kwa kichwa, au nadhani aliitikia, alikuwa amekaa kushoto kwangu.

Jumanne, 13 Mei

Nyumbani.

Jumatano, 14 Mei

Nyumbani. Mvua.

Jumatatu, 19 Mei

Sijafungua kompyuta siku nne, na leo nimeifungua kwa sababu Mama amechoka na mimi. Alisema nanuka. Alisema pia kuna jambo hataki kulisikia tena humu ndani, nalo ni kule kushusha pumzi kwangu. Nikamwambia wewe hujui nilichopoteza. Loo. Maneno yalipotoka tu nikatamani kuyarudisha.

Mama hakukasirika. Afadhali angekasirika. "Nilikuwa nashona," akasema. "Ulikuwa na miaka ishirini na nne, umesahau? Cherehani niliiuza mwenyewe, kwa hasira, mwezi wa kwanza tu. Wakaja kuniambia kuna wanaoshona kwa kupapasa. Nikawafukuza. Hilo ndilo ninalojutia, macho sijutii."

Kisha akaniambia nikaoge.

Ijumaa, 23 Mei

Daktari. Jicho la kushoto limeshuka tena. Alipunga mkono pembeni yangu na sikuujua mpaka uliponigusa sikio. La kulia limesimama. Ameongeza dawa, amenipa karatasi ya upasuaji nifikirie. Hautarudisha kitu, utaweza kuchelewesha tu.

Jumatano, 28 Mei

Kasuku amerudi kazini. Kanipigia, kaongea dakika arobaini. Nimemsikiliza zote.

Ijumaa, 30 Mei

Leo kura. Jioni simu imelia, Shemeji. Miaka tisa sijawahi kupigiwa simu na Shemeji.

"Tumepiga kura," akasema.

"Bila shaka umepigia Kizee."

"Jumba."

"Wewe? Umeugua?"

Nikasikia anafunga mlango.

"Kizee hakisemi kinachoeleweka," akasema. "Nilijaribu ile programu ya kusomea wasioona wiki nzima, nimefumba macho. Hakifai. Kipepeo ndiyo kabisa. Bosi naye amekubali Jumba. Mlango wa seva tumeufunga kwa nywila ya watu wawili."

"Mimi simo tena, Shemeji. Kura hiyo haina faida kwangu."

"Najua humo. Mteja akilegea, au tukipata mteja mwingine, ukija ukute kiko. Asipolegea, huji. Sikuahidi kitu." Akakohoa. "Nitakutumia kazi ya mazoezi. Fomu moja. Ukitaka fanya, hutaki basi."

Akakata. Nilibaki na simu sikioni.

Jumanne, 3 Juni

Fomu yenyewe ni ya kumwandikisha mgonjwa: jina, umri, simu, tarehe. Kazi ya dakika ishirini. Nimeshusha mwanga wa kioo mpaka kikawa cheusi, saa tatu asubuhi, na sijaupandisha.

Saa ya kwanza sikuandika hata mstari. Sauti inakwenda mbio, mimi nimezoea kuruka huku na kule kwa jicho, na sikio haliruki, linangoja kila kitu kwa zamu. Nilipotea katikati ya mabano matatu nikapiga meza ngumi. Mama akauliza kutoka sebuleni huyo mtu anayesoma ni nani, mbona ana haraka. Nikamwambia hiyo ndiyo polepole yake. Akasema basi Mungu akusaidie. Saa sita nilitaka kuwasha kioo, nikaweka mkono juu ya kitufe, nikautoa. Nimelia mara mbili. Mara ya pili nililia huku naandika.

Nimemaliza saa tisa alasiri. Saa sita za kazi ya dakika ishirini, msimbo mistari ishirini na sita. Nimemtumia Shemeji, sikuandika salamu wala maelezo. Nikakaa nikisubiri.

Jibu limekuja baada ya dakika tano. Nikaiacha sauti inisomee: "Ukurasa unafunguka. Mstari wa tisa umekosea, sehemu ya jina inapokea tarakimu tu. Mgonjwa ataandikaje jina lake? Rekebisha."

Hakuweka pole wala hongera. Nimevaa hedifoni, nimerudi mstari wa tisa.